Onigiri zinazomwagika na onigiri zinazogeuka jiwe

SWALI: Naishi Nagoya, Japani, na mume wangu na mtoto wa chekechea. Kila asubuhi naandaa onigiri, yale matonge ya wali ya Kijapani, sita za kubeba. Nikizibana kidogo zinamwagika mkononi mwa mtoto, nikizibana sana zinakuwa ngumu hadi baba yake anazirudisha nyumbani. Nikizitengeneza usiku na kuziweka kwenye friji, asubuhi wali umekuwa kama mchanga. Nilijaribu na mchele wa basmati tuliobaki nao, ndiyo kabisa. Lakini za dukani zinakaa laini mpaka jioni! Wenyeji wanafanyaje? Na kiangazi hicho kinakuja, naogopa mtoto asije akaumwa tumbo.

JIBU: Dada, jina la chakula chenyewe ndilo lililokupotosha. Onigiri limetoka kwenye kitenzi nigiru, kufumbata kwa kiganja, na anayelisikia hudhani kazi ni kubana. Kina jina la pili, omusubi, kutoka musubu, yaani kufunga au kuunganisha, na hilo liko karibu zaidi na ukweli. Kinachoshika tonge hili ni wanga ulio juu ya kila punje. Mkono unazisogeza punje zikutane, basi. Wali ukiwa sahihi na ukiwa bado na moto, mibano michache myepesi inatosha. Usipokuwa sahihi, hata ukiubana kwa mawe hautashika, utasagika tu.

Kwa hiyo tuanze na mchele. Sisi tumelelewa kusifu wali uliochambuka, punje moja moja, na mpishi wa pilau anaona haya sinia likitoka na mabonge. Kwa onigiri sifa hiyo geuza kichwa chini. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi ikiwa nyingi, punje zinaachana na zikipoa zinakakamaa. Ikiwa kidogo, zinanata na kubaki laini hata zikipoa. Katika basmati amilosi ni kama robo ya wanga wote. Katika Koshihikari, mchele unaolimwa kuliko wote Japani, uliosajiliwa mwaka 1956, ni kama asilimia 17 hivi. Basmati yako haikukosewa mapishi, imewekwa kwenye kazi isiyo yake. Irudishe kwenye biriani.

Huhitaji Koshihikari ya bei. Tangu bei ipande hadi gunia dogo la kilo 5 likapita yeni 4,000 mwaka 2025, watu wengi wananunua mchele uliochanganywa aina mbalimbali, na onigiri zinatoka vizuri tu. Aichi no Kaori, mchele wa huko kwenu Aichi, nao unafaa. Mchele usionunua ni mochigome: huo ni wa kutwangia mochi, keki za mchele zinazonata, hauna amilosi karibu kabisa, na tonge lake linakuwa zito kama gundi. (Kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaouliza kila mara: mchele wa Misri, ule wa punje fupi nene, unafaa. Walioko Marekani watafute Calrose.)

Kipimo cha Japani ni gō moja, kikombe kinachokuja na sufuria ya umeme ya wali: mililita 180, ambazo ni gramu 150 za mchele mkavu, zikiiva zinakuwa kama gramu 330. Onigiri ya mtu mzima ni gramu 100 hadi 110, kwa hiyo gō moja inatoa tatu. Wewe unataka sita: gō mbili. Ila mtoto wa chekechea apewe ya gramu 40 au 50. Kubwa hawezi kuishika, ndiyo maana moja ya zile "zinazomwagika mkononi" si kosa la mapishi hata kidogo.

Osha mchele kwa haraka mara ya kwanza. Mimina maji, koroga mara mbili, mwaga hapo hapo, kwa sababu mchele mkavu unanywa maji ya mwanzo kwa pupa na utayanywa pamoja na harufu ya pumba. Kisha zungusha kwa vidole bila maji mengi, suuza mara tatu hivi. Maji yakibaki na ukungu mwepesi acha. Ukisuuza mpaka yang'ae umepoteza wanga unaoutaka. Sasa loweka: nusu saa wakati wa joto, saa nzima wakati wa baridi. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na hasara yake haionekani mezani, inaonekana saa sita mchana. Punje isiyolowa inaiva nje huku kiini kikibaki kikavu, kisha wali ukipoa kiini hicho kinanyonya unyevu wa nje, na tonge linakauka na kumeguka.

Maji ni mililita 400 kwa gō mbili, yaani chini kidogo ya mstari wa sufuria ya umeme. Kwa mchele wa mwaka jana ongeza vijiko viwili vya chakula. Ukipikia sufuria ya kawaida: moto wa kati mpaka ichemke, punguza kabisa, dakika 10 hadi 12 bila kufunua, zima, na uiache dakika 10 nyingine. Halafu funua na uugeuze wali kwa mwiko bapa: kata msalaba, inua kutoka chini, tenganisha bila kusaga. Hapo mvuke uliozidi unatoka. Ukiruka hapa unyevu unabaki kati ya punje, tonge linakuwa la majimaji juu na halishiki.

Muda wa kufinyanga ni tangu hapo mpaka wali utakapokuwa vuguvugu. Ukiwa wa moto sana utaungua na utaharakisha, na ukipoa kabisa wanga umeshaganda na punje hazishikani tena. Ndipo mtu anapoanza kubana kwa nguvu. Nadhani hili ndilo linalokupata wewe. Ugawe wali wote mafungu sita kwenye ubao au sinia pana mara tu baada ya kuugeuza. Kwa dakika tatu au nne utashuka hadi joto la kushikika, na mafungu yatakuwa sawa bila mizani.

Chukua bakuli dogo la chai, weka nusu ya fungu, bonyeza shimo kwa kijiko, tia kiungo cha ndani gramu 10 hadi 15, funika kwa nusu iliyobaki. Lowesha mikono, kisha ikung'ute. Maji yakibaki yanatiririka mkononi yanaosha wanga wa juu na chumvi inakimbia. Sasa mkono wa kushoto uwe bapa, huo unashika upana na unene, kama sentimita 3. Mkono wa kulia ukunje kwenye vifundo uwe paa la nyumba, ndio unaotengeneza kona. Bana mara moja, zungusha tonge kuelekea kwako theluthi ya duara, bana, zungusha. Mizunguko miwili mpaka mitatu, ukaache. Nguvu yake ni ile unayotumia kushika kifaranga: asikutoke, asife. Tonge zuri linashika umbo mkononi lakini likifika mdomoni linafunguka punje kwa punje. Ukilikata katikati ukaona nafasi ndogo za hewa, umefaulu. Ukiona wali umekuwa kama ugali, uliokosea ni mkono.

Pembetatu si sheria. Ni mtindo wa Kantō, eneo la Tokyo, ulioenezwa nchi nzima na maduka. Huko Kansai, eneo la Osaka, wengi wanafinyanga mviringo mrefu kama pipa dogo, na Tōhoku, kaskazini, bapa la duara. Kwa mtoto pipa dogo ni bora: halina kona za kumegeka na linakaa vizuri kwenye sanduku.

Chumvi ni ya nje. Chovya ncha za vidole vitatu, ipake viganjani, ndiyo nusu gramu mpaka gramu moja kwa tonge. Ulimi unaikuta kwanza, kwa hiyo kidogo kinatosha. Ukitumia plastiki nyembamba ya kufungia chakula badala ya viganja vitupu, jambo ninalokushauri kwa sababu nitakazozieleza, basi tia gramu 5 za chumvi kwenye maji ya kupikia gō mbili, kijiko cha chai kisichojaa.

Kanuni ya kiungo cha ndani ni moja: kiwe na chumvi na kiwe kikavu. Umeboshi, tunda chachu lililohifadhiwa kwa chumvi, toa kokwa kabla ya kumpa mtoto. Samoni wa chumvi aliyechomwa na kuchambuliwa ni kiungo cha zamani. Mlo wa shule unaotajwa kuwa wa kwanza Japani, Tsuruoka mkoani Yamagata mwaka 1889, ulikuwa onigiri, samoni wa chumvi na achari ya mboga. Okaka ni rahisi kuliko vyote: kipakiti kimoja cha katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa akaparuzwa kama maranda ya seremala, changanya na kijiko cha chai cha sosi ya soya, kinatosha onigiri mbili. Sosi ikionekana chini ya bakuli ujue umezidisha na itapenya kwenye wali.

Jodari na mayonezi, anayependwa na watoto wote, ndiye anayebomoa onigiri nyingi za nyumbani. Kopo la gramu 70 likamue kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko mpaka mafuta yakome kabisa, kisha mayonezi kijiko kimoja cha chakula na sosi ya soya nusu kijiko cha chai. Gawanya kwa onigiri nne. Mafuta yakibaki yanajipaka kwenye punje, na punje iliyopakwa mafuta hainati. Kwa sababu hiyo hiyo usitie siagi wala tui la nazi kwenye wali huu, hata moyo ukikutuma. Na kama nyumbani kwenu mnachunga halali, onigiri ya chumvi tupu uliyopika mwenyewe ndiyo isiyo na maswali. Kwenye viungo vya pakiti soma lebo: みりん ni mirin, divai tamu ya mchele, 酒精 ni alkoholi inayotiwa hata kwenye sosi nyingi za soya, 豚 ni nguruwe.

Mwani, nori, una upande unaong'aa na upande mkavu: unaong'aa ukae nje. Karatasi nzima ni sentimita 21 kwa 19. Ikate vipande vitatu virefu, kila kimoja kinafunga onigiri moja. Ukifunga mapema unalainika na kushikana na wali, na wapo wanaoupenda hivyo. Ukitaka ulie kachu, ubebe pembeni ufungwe wakati wa kula. Huo ndio ujanja wa duka: mwaka 1978 7-Eleven ya Japani ilianza kuuza onigiri yenye plastiki inayotenga mwani na wali, na mnunuzi anavuta utepe anakutanisha vyote viwili papo hapo. Kwa mtoto mdogo fungia mapema kisha uutoboetoboe kwa uma, au uukate vipande vidogo, kwa maana ukanda mzima unanata kooni. Mwani huu si ule wa Paje na Jambiani. Ule wa Zanzibar husafirishwa viwandani kutengeneza uteute wa kugandishia vyakula; nori ni jamii nyingine, ya maji baridi, na kilimo chake kinategemea ugunduzi wa mwaka 1949 wa mwanamke wa Kiingereza, Kathleen Drew-Baker, kuhusu hatua ya maisha ya mmea huo inayojificha ndani ya magamba ya chaza na kombe. Mnara wake uko Uto, mkoani Kumamoto, ingawa hakuwahi kukanyaga Japani.

Haya, friji. Wali ukiiva, wanga umefura kwa maji na kulegea. Ukipoa unaanza kujipanga upya na kuyafukuza maji yale, na mahali unapojipanga kwa kasi kuliko pote ni kati ya nyuzijoto 0 na 5, ndiyo friji yako hasa. Mchanga unaoukuta asubuhi ni huo. Onigiri za duka husafirishwa na kuwekwa kwenye nyuzijoto 20 hivi, si kwenye baridi ya maziwa, na zinaletwa mara kadhaa kwa siku. Tena mashine inazifinyanga kwa ulegevu kuliko mkono wa mtu yeyote. Halafu soma lebo uone glisini na virekebishi vya asidi, vinavyozuia bakteria kwenye joto hilo. Wewe huna hivyo, kwa hiyo usiige nyuzijoto 20 zao kwa siku nzima.

Ukitaka kuandaa mapema, gandisha. Finyanga, funga kila moja kwa plastiki ingali na mvuke ili unyevu ubaki ndani, iache ipoe, kisha iende kwenye friza bila mwani. Inapita upesi lile eneo baya la 0 hadi 5, na wali unabaki jinsi ulivyo kwa wiki mbili tatu. Itoe ikiwa jiwe na uipeleke moja kwa moja kwenye maikrowevu, wati 600, dakika 2 kwa ya gramu 110, mpaka iwe na moto katikati. Kuiacha iyeyuke yenyewe mezani ni kuirudisha polepole kwenye eneo lile lile, na itakauka vile vile. Samoni na okaka vinavumilia friza, mayonezi haivumilii, inaachana mafuta na maji.

Umeuliza kuhusu tumbo, na hapo kuna adui wawili. Wa kwanza ni Staphylococcus aureus, anayeishi kwenye ngozi, puani na hasa kwenye vidonda vya vidole. Akiingia kwenye wali vuguvugu anatengeneza sumu ambayo maikrowevu haiiondoi. Ndiyo sababu ya plastiki: tandaza kipande kwenye bakuli, jaza, kunja, finyanga kwa nje. Hata ukiosha mikono kwa sabuni, mwenye jeraha kidoleni asiguse wali mtupu. Wa pili ni Bacillus cereus, ambaye mbegu zake zinapona kwenye sufuria inayochemka na kuamka wali ukikaa kwenye joto la kawaida. Huyu ndiye anayefanya wali wa jana uliolala jikoni usifae onigiri, hata kama hauna harufu.

Onigiri za kula mchana zipoe kwanza. Ziweke juu ya wavu au kitunga, si sahani, kwa dakika 20 hivi, mpaka ukizigusa husikii joto. Ukifunga zikiwa na moto, mvuke unageuka matone, na tonge linaloa kwa nje: hapo unapata umwagikaji na bakteria kwa pamoja. Zamani zilifungwa kwa ganda la mwanzi, linalopumua. Foili iliyokunjwakunjwa kisha ikanyooshwa inakaribia kazi hiyo kuliko plastiki iliyobana, na plastiki uliyofinyangia itupe, chukua safi.

Kiangazi cha Nagoya kinapita nyuzijoto 35. Kuanzia Juni mpaka Septemba jodari na mayonezi apumzike, na nafasi yake iwe ya umeboshi, samoni aliyekaushwa motoni au chumvi tupu. Umeboshi inalinda wali unaoigusa tu, na ile tamu ya asali ina chumvi ndogo, haina ulinzi wa kutegemea. Wenyeji wengine wanatia kijiko cha chai cha siki kwa kila gō wakati wa kupika, na ladha haionekani. Fanya, lakini kipakiti cha barafu kiwepo bado, kikiwa juu ya sanduku na kitambaa kati yake na onigiri, ili zipoe bila kuganda. Ziliwe ndani ya saa tano. Zilizorudi nyumbani alasiri zitupwe.

Kuhusu muda wako wa asubuhi: osha mchele usiku, uloweke ndani ya friji, na uimimine kwenye sufuria ya umeme unapoamka. Usiuache umelowa kwenye sufuria jikoni usiku wa Agosti kwa kutegemea saa ya sufuria. Maji yale yanachacha. Maji baridi ya friji yana faida nyingine, yanachelewa kuchemka na punje inaiva sawasawa hadi kiini.

Zilizogeuka ngumu zikiwa hazijatoka kwenye friji bado zina kazi. Zichome kwenye kikaango bila mafuta, moto mdogo, dakika nne kila upande mpaka zipate ukoko, ndipo upake sosi ya soya kwa brashi na kuzigeuza mara moja zaidi. Ukipaka kabla ya ukoko zinalowa na kubomoka. Iliyobomoka iweke kwenye bakuli na umwagie chai ya kijani ya moto, pamoja na umeboshi na mwani uliokatwakatwa.